Huduma ya wateja maalumu bila malipo: uliza kuhusu salio kabla ya kusema ndiyo

Hapa Uganda, simu ya kukupa huduma ya wateja maalumu bila malipo huja baada ya benki kuona akaunti imechangamka. Mshahara umepanda, kiwanja kimeuzwa, au mauzo ya duka yameanza kupitia benki badala ya kulala kwenye droo. Sauti ya upole inakupongeza na kukuambia kwamba umepandishwa daraja, na hutalipa chochote. Majina hutofautiana: Absa wana Premier na Prestige, Stanbic wana Private, na wengine wana yao. Kilichomo ndani kinafanana sana. Unapewa meneja uhusiano wa kumpigia simu, dirisha lisilo na foleni, kadi yenye kikomo kikubwa, nafasi ya kuingia launji za viwanja vya ndege, nafuu ya baadhi ya ada, na ahadi ya bei nzuri ya dola na mikopo.

Msimamo wetu tuuweke mapema. Huduma hii inamfaa mtu ambaye salio lake la kawaida tayari linafikia kiwango kinachotakiwa, bila yeye kusogeza hata shilingi moja, na ambaye hununua fedha za kigeni au anatarajia kukopa. Anayelazimika kukusanya pesa kutoka kwingine ili akifikie kiwango hicho, tunamshauri akatae na abaki na akaunti ya kawaida.

Jambo la kwanza kuuliza ni hiyo bure ni ya aina gani. Kuna ya muda: miezi 6 au 12, halafu ada ya mwezi inaanza kukatwa. Kuna ya masharti: hulipi mradi salio lisishuke chini ya kiwango fulani. Na kuna ya mwajiri: kampuni au shirika limekubaliana na benki kwamba wafanyakazi wa ngazi fulani wapewe daraja hilo mishahara yao ikipitia hapo. Hii ya tatu ndiyo bora, ila huisha siku unapoacha kazi, na mara nyingi hakuna anayekukumbusha. Ukiuliza ada itakayofuata, uliza pia kama kiasi unachotajiwa kimejumlisha ushuru wa bidhaa, kwa sababu ada za benki zisizohusu mkopo hutozwa asilimia 15 juu yake. Tuseme unaambiwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Itakayokatwa ni 46,000, yaani 552,000 kwa mwaka.

Sharti la salio ndilo linalowakamata wengi, kwa kuwa hawaulizi linavyopimwa. Benki moja hutazama wastani wa mwezi, nyingine hutazama kiwango cha chini kabisa ulichofikia, na nyingine hujumlisha kila kitu ulicho nacho kwao, amana ya muda maalumu ikiwemo. Chukua mfanyabiashara wa Kikuubo, eneo la maduka ya jumla jijini Kampala, anayepokea milioni 80 na kuzituma kwa muuzaji wake baada ya siku mbili, huku siku 28 zilizobaki akaunti ikiwa na milioni 5. Kwa macho yake yeye ni mteja mkubwa, maana mamilioni yanapita. Kwa hesabu ya wastani, salio lake la mwezi ni milioni 10. Kwa hesabu ya kiwango cha chini, ni milioni 5. Sharti likiwa milioni 50, hafiki popote, na muda wa ofa ukiisha ataanza kulipa ada. Lakini sharti likiwa ni pesa zinazoingia kwa mwezi, huyo huyo anafuzu bila jasho. Usiridhike na jibu la «kiwango ni milioni 50» pekee. Dai uambiwe ni milioni 50 za namna gani.

Sasa tupige hesabu ya pesa iliyolazwa. Tuseme kwa kawaida unaacha milioni 20 kwenye akaunti, na sharti ni wastani wa milioni 50. Unaongeza milioni 30 ambazo zingeweza kuwa kwenye dhamana za serikali za muda mfupi, zile za siku 91, 182 au 364 zinazouzwa na Benki Kuu ya Uganda. Chukulia zinalipa asilimia 14 kwa mwaka. Faida ni milioni 4.2, serikali inazuia kodi ya asilimia 20, unabaki na 3,360,000. Hiyo ni shilingi 280,000 kila mwezi, ndiyo bei halisi ya huduma uliyoambiwa ni ya bure. Viwango vya dhamana hupanda na kushuka, kwa hiyo weka asilimia ya mnada wa karibuni katika hesabu yako. Na kununua dhamana hizo hakuhitaji daraja lolote: unafungua akaunti ya CSD (daftari la Benki Kuu la kutunzia dhamana) kupitia benki ya biashara, na kiwango cha kuanzia ni shilingi 100,000.

Ikiwa benki inahesabu amana ya muda maalumu ndani ya sharti, hali inakuwa nafuu, kwani angalau pesa inazaa. Riba hiyo hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Bishana kuhusu asilimia ya riba kabla ya kusaini, maana hapo ndipo nguvu yako ya mteja maalumu ilipo. Ukishafunga pesa, kuivunja kabla ya muda hukugharimu riba.

Kuna na suala la usalama ambalo vipeperushi havitaji. Mfuko wa Kulinda Amana wa Uganda hulinda hadi shilingi milioni 10 kwa kila mteja katika kila benki. Huduma hii inakushawishi uweke mayai yote ya familia katika kikapu kimoja, wakati sehemu kubwa ya pesa yako iko nje ya ulinzi huo. Hatusemi benki zinaanguka kila mwaka. Benki Kuu ilipochukua usimamizi wa Crane Bank Oktoba 2016, amana zilihamishiwa DFCU Januari 2017 na wenye pesa wakaendelea kuzipata. Lakini daraja la mteja ni mapenzi ya benki husika, wala halihami na amana kwa lazima. Vilevile Novemba 2024 Standard Chartered ilitangaza kwamba inatafuta kuuza biashara yake ya wateja binafsi nchini Uganda. Aliyejenga mipango yake yote juu ya nafuu za benki moja anapaswa kulifikiria hilo.

Upande wa faida, tuanze na dola, kwani hapo ndipo huduma hii inaweza kujilipa. Bei iliyobandikwa ukutani ni ya mteja asiyeuliza. Mteja maalumu huunganishwa na dawati la fedha za kigeni na kupewa bei ya makubaliano. Ukinunua dola 20,000 na ukapunguziwa shilingi 25 kwa kila dola, umeokoa 500,000 kwa muamala mmoja. Ijaribu ahadi hiyo kabla ya kukubali: siku moja, saa ile ile, omba bei ya kiasi kile kile kwa meneja anayekushawishi, kwa benki ya pili, na kwa duka la kubadilishia fedha lenye leseni. Ukiona tofauti ni shilingi 3 au 5, basi hakuna ulichopewa. Na ujue kwamba mwenye akaunti ya kawaida anayenunua kiasi kikubwa anaweza kuomba bei hiyo pia. Wengi hawapewi kwa sababu hawaombi.

Katika kutuma pesa nje, nafuu ya ada huishia kwenye ada ya benki yako. Benki za kati zinazopitisha malipo hukata chao njiani, na muuzaji wa Guangzhou, China, anapokea pungufu, kisha anashikilia mzigo. Sema wazi katika fomu nani anabeba gharama zote. Kwa malipo ya ndani, EFT (uhamisho wa kawaida kati ya benki) ina ukomo wa shilingi milioni 20. Zaidi ya hapo unatumia RTGS (uhamisho wa papo kwa papo wa kiasi kikubwa), ambayo ada yake ni kubwa kidogo. Ukilipa kwa RTGS mara 10 kwa mwezi, msamaha wa ada hiyo una maana. Ukilipa mara mbili kwa mwaka, hauna. Na usidhani daraja litakusaidia kwenye pesa ya simu: ukihamisha milioni 2 kwenda kwenye simu na kuzitoa kwa wakala, serikali inachukua asilimia 0.5, yaani 10,000, uwe nani uwe nani.

Kwa mkopo, punguzo la asilimia moja kwenye milioni 100 ni karibu milioni moja katika mwaka wa kwanza. Likubali likiwa kwenye barua ya ofa ya mkopo. La mdomoni huondoka na meneja aliyelitamka.

Na mameneja huondoka kweli. Huhamishwa tawi, hupandishwa cheo, huhamia benki jirani. Omba namba ya dawati na barua pepe ya timu, isiwe namba ya mtu mmoja tu. Kumbuka pia kwamba meneja ana malengo ya mauzo: bima, mikopo, mifuko ya uwekezaji. Msikilize, halafu ulinganishe na bei ya kwenda moja kwa moja kwa kampuni husika.

Tunaomba msomaji asimame hapa. Ukijiunga utaletewa fomu inayoruhusu benki kupokea maagizo yako kwa barua pepe au kwa simu. Inarahisisha maisha, lakini ndani yake kuna kifungu kinachosema hasara itakayotokea kwa agizo lililotoka kwenye anwani yako ni yako. Mwizi akiingia kwenye barua pepe yako na kuandika «lipa milioni 30 kwa akaunti hii», benki ina karatasi ya kujikinga. Isaini kwa masharti mawili yaliyoandikwa: benki ikupigie simu kwa namba iliyosajiliwa kabla ya kulipa, na kuwe na ukomo wa kiasi kwa kila agizo. Wakikataa, usisaini, huduma nyingine zote zitaendelea bila fomu hiyo. Na anayekupigia akijiita meneja wako mpya na kuomba namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye simu yako, kata simu.

Launji ni jambo dogo. Hesabu safari zako za ndege kupitia Entebbe kwa mwaka, uliza ni ziara ngapi zimelipiwa, na kama mgeni unayeingia naye atatozwa. Bima ya safari ya kadi ina uzito zaidi, ila kwa kawaida hufanya kazi tu ukilipia tiketi kwa kadi hiyo hiyo. Anayeomba viza ya Schengen aombe cheti chenye kinga isiyopungua yuro 30,000 kabla hajalipa bima nyingine. Dirisha lisilo na foleni lina thamani kwa mtu wa Kampala anayefika tawini mwisho wa mwezi. Aliye Arua au Gulu aulize kwanza kama tawi lake lina dirisha hilo.

Ukiamua kukubali, tuma barua pepe yenye maswali haya na usubiri jibu la maandishi: salio linapimwaje, likishuka napewa miezi mingapi kabla ya kutozwa, ada ni kiasi gani pamoja na ushuru, je, nitarudishwa daraja la kawaida au nitatozwa kimya kimya, na namba ya akaunti itabaki ile ile? Miongozo ya Benki Kuu ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, ya mwaka 2011, inaitaka benki ikueleze ada zake waziwazi, kwa hiyo huombi fadhila. Kadi mpya huja na namba mpya, kwa hiyo malipo yote yanayojikata kwa kadi ya zamani yatagoma hadi uyabadilishe. Siku hiyo hiyo ya kuipokea, shusha kikomo cha manunuzi ya mtandaoni kwenye programu ya simu, kwa sababu kikomo kikubwa ni kikubwa kwa mwizi pia.

Kisha chukua taarifa ya akaunti ya miezi mitatu ya kwanza na uisome mstari kwa mstari. Ukikuta ada uliyoambiwa imefutwa, andika lalamiko lenye tarehe na kiasi, ambatisha jibu lao la maandishi, na udai irudishwe pamoja na ushuru uliokatwa juu yake.