Kuchagua Piano ya Kidijitali Yenye Sura ya Zamani

Anayenunua piano ya kidijitali iliyoundwa kwa sura ya zamani huvutwa kwanza na rangi, mgongo wa mviringo na swichi za chuma, lakini kinachopaswa kuamua ununuzi ni vibonyezo na namna sauti inavyoitikia kidole. Katika Rhodes halisi, piano ya umeme ya zamani, nyundo hugonga kijiti chembamba cha chuma, na katika Wurlitzer, piano nyingine ya aina hiyo, hugonga ulimi wa chuma. Ndiyo maana mguso mwepesi hutoa mlio wa kengele, ilhali pigo zito huifanya sauti ikwaruze. Ukiwa dukani, zima madoido yote (athari zinazoongezwa kwenye sauti, kama mwangwi), kisha rudia noti moja kuanzia mguso mwepesi kabisa hadi pigo la nguvu. Ikiwa kinachoongezeka ni ukubwa wa sauti tu, bila tabia yake kubadilika, iache hata kama bei inavutia.

Nafasi ya kwanza naipa Korg SV-2S ya vibonyezo 73. SV-2 ilitoka mwaka 2020 kurithi SV-1 ya mwaka 2009, na herufi S huonyesha toleo lenye spika zake. Vibonyezo vyake, vya mfumo wa Korg uitwao RH3, ni vizito upande wa besi na hupungua uzito kadiri unavyopanda juu, kama katika piano ya kawaida. Haina skrini: kila doido lina kitufe chake cha kuzungusha, kwa hiyo mpigaji hurekebisha sauti katikati ya wimbo bila kutafuta kwenye menyu, jambo ambalo kwangu lina thamani kuliko wingi wa sauti. Anayepiga muziki wa klasiki achukue ya vibonyezo 88, akijua kwamba uzito wake unazidi kilo 20.

Crumar Seven, yenye miguu inayofunguliwa, ndiyo iliyo karibu zaidi na umbo la Rhodes. Ina vibonyezo 73 vyenye uzito, ila haina spika, hivyo gharama ya amplifaya iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Naiweka ya pili kwa sababu hiyo pekee.

Ya tatu ni Yamaha Reface CP ya mwaka 2015. Ina uzito wa takriban kilo 2, hutumia hata betri, na sauti zake za Rhodes na Wurlitzer ni nzuri kweli. Hata hivyo, vibonyezo vyake ni vidogo na ni 37 tu, kwa hiyo inamfaa mtunzi anayesafiri au mwenye kinanda kingine nyumbani, wala haimfai anayeanza kujifunza kupiga kwa mikono miwili.