Matone nyota moja, daktari wa ngozi nyota nne

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 61, na utepe wa kupimia hukaa shingoni mwangu kutwa nzima. Utepe ndio ulionifanya nivichukie vijinyama vyangu. Vilikuwa saba, vinane ukihesabu na kile cha nyuma ya sikio, laini, vimening'inia kwa vikonyo vyembamba, na kila nilipouvuta utepe haraka kulikuwa na kimoja kinachokwaruzika. Mbali na hivyo nilikuwa na chunjua nyeusi mgongoni, pana kama kifungo cha koti, palepale unapopita mkanda wa sidiria. Ilikuwa ikiniwasha wakati wa joto, nami nikidhani ni mshono mbaya wa sidiria. Sikujua ipo mpaka mjukuu wangu aliponiuliza, "Bibi, mbona una gundi mgongoni?"

Mtoto aliona vizuri. Kitu kile kinaonekana kama kimebandikwa, mithili ya tone la nta lililodondokea kitambaa. Unahisi ukipenyeza ukucha pembeni kitabanduka chote. Usijaribu. Mimi nilijaribu.

Nianze na matone, niyamalize. Niliyanunua mtandaoni, chupa ndogo yenye kijiti, tangazo likisema ni ya asili, ngozi safi kwa siku chache, bila kovu. Nilipaka vijinyama viwili vya shingoni. Usiku wa kwanza paliwaka moto. Siku ya tatu palikuwa na kidonda chenye ukoko mweusi, na hakikuwa cha kijinyama peke yake, kilikuwa kimekula na ngozi nzima iliyozunguka, ukubwa wa ncha ya kidole. Ukoko ulipotoka, kijinyama kimoja kilikuwa bado kipo, kimekaa katikati ya doa kama mwenye nyumba. Ndipo mwanangu aliposoma maandishi madogo ubavuni mwa chupa: asidi ya salisiliki na kloridi ya zinki. Zote mbili huchoma, wala hazijui ipi ni nyama ya ziada na ipi ni ngozi yako. Baadaye nilisoma kwamba mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha dawa yoyote ya kununua bila cheti cha daktari kwa ajili ya kuondoa vitu hivi, na mwaka 2022 iliwaandikia barua za onyo baadhi ya wauzaji. Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu siwezi kuweka sifuri.

Kwa daktari wa ngozi nilikwenda nikidhani nitachomwa dakika mbili niondoke. Robo saa ya kwanza hakushika chombo chochote cha kukatia. Alisema, "Mama, naomba uvue ubaki na nguo za ndani." Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya shingo na mgongo. "Shingo nimeshaiona. Nataka kuona ngozi ambayo wewe mwenyewe huioni." Akakagua kichwani, chini ya matiti, katikati ya vidole vya miguu, nyayo, kucha moja moja. Aliponishika vidole nikacheka kwa mtekenyo, naye akaniuliza kama namkumbuka Bob Marley. Nikaacha kucheka. Saratani iliyomuua mwaka 1981, akiwa na miaka 36 tu, ilianzia chini ya ukucha wa dole la mguu. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, melanoma, ndiyo saratani hiyo hatari ya ngozi, ikija mara nyingi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hatuangalii kwa sababu tumeambiwa ni ugonjwa wa wazungu.

Kisha akaweka kilenzi chenye taa juu ya ile chunjua, akapiga picha kwa simu akanionyesha. Nimepima vitambaa maisha yangu yote lakini sijawahi kuona ufumaji kama ule: vitone vyeupe vimetawanyika kama shanga, na vishimo vidogo vilivyojaa kitu cheusi. Alisema ndivyo anavyoitambua. Jina lake ni keratosi ya seborea. Si chunjua kamili, kwa maana hailetwi na virusi, haiambukizi, na haigeuki kuwa saratani. Ni seli za tabaka la juu la ngozi zilizozidi kuzaana, na huongezeka kadiri umri unavyosonga, hasa kama wazazi walikuwa nazo. Mama yangu alikuwa na vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni, vidogo kama vichwa vya pini, nasi watoto tuliviona ni urembo. Kumbe ni ndugu wa hiyo hiyo, na mimi ninavyo pia.

Nilimuuliza ni kipi kingemtia wasiwasi. Alijibu bila kunibembeleza: alama inayobadilika wiki hadi wiki, yenye kingo zisizolingana au rangi zaidi ya moja, inayotoka damu bila kuguswa, au kidonda kisichopona. Pia mtu akiota nyingi kwa ghafla asikae nyumbani.

Jambo ambalo sikulitarajia ni sindano ya damu. Alisema vijinyama vingi shingoni na makwapani mara nyingi hufuatana na uzito na sukari, akaagiza kipimo. Majibu yalikuwa juu kidogo ya kawaida. Matone yasingeniambia hilo.

Kazi yenyewe sasa. Vijinyama alivipaka krimu ya ganzi, tukasubiri, halafu akavikata kimoja kimoja kwa mkasi mdogo uliopinda ncha. Mkasi ule niliutamani, nakiri. Alikata karibu kabisa na ngozi bila kuacha kisiki, akagusa dawa ya kuzuia damu, basi. Kile cha nyuma ya sikio kiliuma, ganzi haikukifikia vizuri.

Kwa ile ya mgongoni niliomba nitrojeni ya kimiminika, maana nilikuwa nimesoma kuwa ndiyo njia maarufu. Alikataa. Ile nitrojeni ina baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hufa kwa baridi mapema kuliko seli nyingine. Kwa ngozi kama yangu chunjua ingeondoka ikaniachia baka jeupe, huenda la kudumu. Mtu aliyewahi kumwagia dawa ya kupausha kwenye gauni jeusi ananielewa. Badala yake alichoma sindano ya ganzi, akachukua kijiko kidogo chenye ukingo mkali, akakwangua. Kwa kuwa kitu hiki hukaa juu ya ngozi wala hakina mzizi, hakukuwa na mshono hata mmoja. Nilisikia sauti tu, kama kubandua lebo ya bei kwenye kitambaa kigumu. Kipande akakiweka kwenye kichupa kwenda maabara. Niliuliza kwa nini, ikiwa ana uhakika. Akasema ana uhakika, ndiyo maana hachelei kupimwa.

Vya mashavuni alinishauri nivionee huruma. Nikasisitiza. Akakubali kugusa viwili tu kwa umeme mdogo, tuone. Kimoja kilipona vizuri, cha pili kiliacha doa jeusi ambalo wiki sita baadaye ndiyo kwanza linafifia. Vilivyobaki nimeviacha. Hapo namsifu kwa kupima kwanza kabla ya kukata kitambaa chote.

Nyota moja nimeipunguza kwa mambo mawili. Karani wa mapokezi hakuniambia kuwa maabara inalipiwa peke yake, wala kuwa bima huhesabu kazi hii kama urembo, nikayajua nikiwa tayari nimeshavaa. Na maelekezo ya kutunza kidonda nilipewa kwa mdomo nikiwa bado natetemeka: kuosha kwa maji na sabuni, mafuta ya mgando, bandeji, kukinga jua, kutobandua ukoko. Nilisahau la jua, ikabidi nipige simu. Karatasi moja ingetosha.

Kwapani kimeshaota kingine. Alikuwa amenionya, kukata hakuzuii vipya. Hakinigusi popote, nimekiacha.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya tisa, sentensi moja, yakisema alichosema yeye. Mjukuu naye ameuliza gundi imekwenda wapi. Nimemwambia iko kwenye kichupa, na sasa anataka kujua kama tunaweza kwenda kuichukua.