Pawasaplai ndogo ya kuchovya nikeli: ilinipa raha, ikaniunguzia kazi, huduma kwa wateja wakanimalizia kabisa

Naandika nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie. Hii ni pawasaplai ya mezani, kifaa cha kukupa umeme kwa volti na ampea unazotaka, zile ndogo za skrini na nobu mbili, volti mpaka 30, ampea mpaka 10, mengine yote mtayasoma kwenye boksi lake mi sina muda nayo. Niliitafuta kwa kazi moja tu, kuchovya vitu vidogo kwa umeme, yaani kuvipaka tabaka jembamba la nikeli au shaba, basi. Na ninachotaka kila mtu ajue ni hiki: umeme ukikatika ukarudi, hii mashine inajiwasha yenyewe. Yenyewe! Na haiendelei pale ulipoiachia, afadhali hata ingekuwa hivyo, inarudi na seti za kiwandani, ampea zote 10 ziko wazi, na kazi yako iko ndani ya dawa, yale maji yenye chumvi za madini, inaning'inia kwenye waya haina pa kukimbilia.

Sasa ngoja niwe muungwana kidogo kwanza, maana mwanzoni niliipenda. Kuchovya hakutaki makubwa, kunataka umeme wa DC wenye volti chache na ampea zilizotulia. Watu wanahangaika sana na volti wakati kinachoweka madini ni ampea na muda, ampea moja ikipita kwa saa moja inaweka nikeli kama gramu 1.1, mwanasayansi Faraday alishalimaliza hilo tangu miaka ya 1830 huko na hakuna mtu aliyelibadilisha. Kwa hiyo unapima eneo la kitu chako, unaamua ampea ngapi kwa kila desimita mraba, unaifunga mashine pale, halafu volti zijitafute zenyewe. Na hapo hii pawasaplai iko vizuri, sitadanganya. Unaandika ampea zako, unapandisha volti kidogo juu ya unachohitaji, taa ya CC, ya kuonyesha ampea zimefungwa, inawaka, na inakaa hapohapo haichezi. Niliweka testa katikati ya waya kuihakiki (msiamini skrini ya kitu chochote kabla hamjapima wenyewe) na vikawa vinasoma karibu sawasawa.

Nyaya walizoweka kwenye boksi ni takataka, nyembamba, ukipitisha ampea kadhaa kwa muda zinapata joto mkononi unalisikia, na klipu zake zenye meno zikinusa mvuke wa asidi kidogo tu zinaota ukijani. Nikatengeneza zangu nene. Feni nayo inavuta hewa kutoka mbele, yaani ukiiweka karibu na beseni inakunywa mvuke wote mpaka kwenye bodi, kwa hiyo niliisogeza mbali, upande wa dirisha. Haya madogo nilisamehe. Shaba ilitoka safi sana, dawa ya kopa salfeti na asidi ya sulfuriki, rangi ya waridi kama inavyotakiwa, nikasema aisee hapa nimepata chombo, na kama ningeandika haya siku hizo ningeimwagia nyota zote.

Halafu ikaja nikeli.

Nilikuwa na kifuniko cha kengele ya baiskeli, brasi, cha zamani, nimekipiga msasa wa laini kuliko laini, nimekipiga polishi mpaka najiona, nimekiosha mafuta, nimekichovya kwenye asidi dhaifu, maji yanateleza juu yake bila kukatika katika, ile dalili kwamba kitu kimetakata kweli. Nje na ndani ukijumlisha ni kama desimita mraba moja hivi. Dawa ni ileile ya mtu aitwaye Watts, nikeli salfeti, nikeli kloraidi na asidi ya boriki, jamaa aliitoa mwaka 1916 na mpaka leo ndiyo inayotumika, joto linacheza kwenye 50, anodi za nikeli, vile vipande vya upande chanya vinavyoyeyuka kulisha dawa, pande zote mbili. Nikaweka ampea 2. Kwa hesabu hiyo saa moja inakupa tabaka la maikromita 24 au 25 hivi, la kutosha kabisa kwa kitu kitakachoguswa na mikono kila siku.

Na ilikuwa inaenda vizuri! Nikeli inaonekana inajipaka, ule weupe wenye unjano kwa mbali, viputo vichache tu, nimesimama hapohapo na glovu zangu. Imebaki kidogo nimalize, taa ya chumbani ikapepesa. Sekunde moja, hata siyo kukatika kwa maana ya kukatika, ile ya kupepesa tu ambayo kwenye nyumba yoyote hushtuki. Nikaangalia juu kwenye taa kama mtu yeyote angefanya. Niliposhusha macho beseni linachemka kama soda iliyotikiswa, viputo vya haidrojeni vinapanda kotekote kwenye kengele, skrini inasoma ampea zinakimbilia 10, na hakuna mlio, hakuna onyo, hakuna hata kataa kekundu. Nikachomoa waya lakini ukingo wote wa kengele umeshakuwa mweusi, unga unga, ule uunguaji ambao ukigusa unabaki kwenye kidole. Katikati pako sawa, ukingoni mkaa, maana ampea zikizidi zinakimbilia kwenye kona na kingo kwanza, hilo kila mchovyaji analijua.

Na hapo ndipo watu wananiambia ah si uipige msasa ukingoni uendelee. Hapana, sikilizeni. Nikeli ina tabia yake, umeme ukikatika inajifunika utando mwembamba usioonekana wa oksaidi, haraka sana, na ukirudisha umeme bila kuitoa na kuiamsha tena kwenye asidi, tabaka jipya linakaa juu ya lile la zamani bila kulishika. Shaba inasamehe zaidi, nikeli haisamehi. Nilipojaribu kuokoa pale katikati palipoonekana pazuri, gurudumu la polishi likagusa tu, gamba likabanduka kama ganda, chini yake nikeli ya mwanzo inang'aa inanicheka. Yaani hata kama mashine ingerudi na ampea zangu mbili zilezile kazi ingekuwa imekufa, ila ingekufa taratibu na mimi ningegundua baadaye, kitu kikishakuwa kwenye mikono ya mwenyewe. Ndiyo maana nasema pawasaplai ya kuchovya ikipoteza umeme inatakiwa izime na ibaki imezima, ipige kelele kama inaweza, basi. Nitoe kazi, niisuuze, niiamshe kwenye asidi, nirudishe. Siombi muujiza.

Nikasema pengine kuna sehemu kwenye menyu ya kuizuia. Nimepita menyu yote, kila kona, kuna mpaka sehemu ya kubadilisha rangi ya skrini! Rangi! Bluu, kijani, zambarau, mnayo. Kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, hamna. Na nobu zenyewe ni zile za kuzunguka bila mwisho, hazina kituo, kwa hiyo pale ulipoiacha nobu hapana maana yoyote, kila kitu kiko kwenye kumbukumbu ya mashine ambayo yenyewe haikumbuki. Zile za kizamani za nobu ya kawaida, mbovu, zenye mshale unaotetemeka, zingerudi palepale nilipoziweka maana nobu haijasogea. Tumeendelea mbele tukarudi nyuma.

Basi nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, naapa kwa adabu, picha nimeweka, maelezo nimeweka. Jamaa akanijibu, "Ndugu mteja, unatumia volti ngapi?" Nikamwambia kaka volti hapa siyo hoja, nimefunga ampea, tatizo ni mashine kujiwasha na kusahau. Akaniambia jaribu volti 12 kama betri ya gari, watu wengi wanatumia hivyo. KAKA. Volti 12 kwenye beseni dogo la nikeli ndiyo hiyohiyo kuunguza ninayolalamikia! Nikamweleza tena, polepole, kama ninavyoeleza hapa, akakaa kimya muda mrefu halafu akaja na sentensi ambayo bado inanichoma: "Hiki ni kifaa cha wataalamu, siyo cha majaribio ya nyumbani." Hivi ni nani aliyekuambia niko nyumbani, na hata kama niko nyumbani, ampea zinajua? Asidi ya boriki inauliza cheti?

Nikameza. Nikamuuliza swali moja tu, je hii ya kujiwasha ni kasoro au mmeitengeneza makusudi. Akasema ni makusudi, inawasaidia wateja wasisumbuke kuwasha tena. Sawa, tufanye ni makusudi. Mistari miwili chini yake, jamani someni hii, akaniandikia kwamba toleo jipya limerekebishiwa hilo jambo, kwa hiyo naweza kuagiza lile. Limerekebishiwa! Kitu ambacho siyo kasoro kimerekebishwa! Nikamwambia basi nibadilishieni, akasema kubadilishiwa ni kwa vifaa vyenye kasoro. Nilikaa nikaangalia hiyo simu, nikaizima, nikaenda kufagia karakana ambayo haikuwa chafu.

Nilichofanya mwishoni, kwa walio nayo tayari, ni kuweka swichi ya zile mashine za karakana, misumeno ya meza na kadhalika, ile ya kitufe cha kijani na chekundu yenye koili ndani inayojishikilia yenyewe. Umeme ukikatika hata nusu sekunde inaachia, na hairudi mpaka mkono wa mtu ubonyeze kijani. Pawasaplai nimeichomeka baada ya hiyo swichi. Sasa ikipepesa kila kitu kinakufa na kinabaki kimekufa, natoa kazi yangu kwa utulivu. Ufundi wa misumeno huo wa miaka na miaka, waliuweka ili blade isianze kuzunguka yenyewe kwenye vidole vya mtu, na hawa wa pawasaplai ya kisasa yenye skrini ya zambarau hawakuuwaza. Kama unaweka hiyo swichi kumbuka mashine ikiwaka upya bado inakuja na ampea 10, kwa hiyo unawasha kwanza, unaandika ampea zako, ndipo unaunganisha waya mweusi kwenye kazi. Mwekundu unakaa kwenye anodi siku zote, ukivigeuza kitu chako ndicho kinachoyeyuka.

Sasa sijui niipe ngapi. Tangu niweke hiyo swichi nimechovya vitu vizuri nayo, kengele nyingine imetoka safi mpaka mtu akaniuliza nimeinunua wapi, na ampea zake kweli zimetulia, kwa ukubwa wake wa kukaa kwenye rafu moja na chupa za dawa sijaona nyingine inayoifikia. Nilikuwa nishaandika nyota tatu hapa. Halafu nikafungua meseji zao kunakili ile sentensi ya wataalamu nisije nikamsingizia mtu, nikaisoma upya, nikaona na chini wamenitumia ombi la kutathmini huduma niliyopata, na kauso kanakotabasamu. Nyota mbili. Za shaba. Kwa nikeli sifuri, na hao wa huduma nimewabonyezea hicho kiuso cha mwisho kabisa kushoto, chekundu, na kwenye kisanduku cha maoni nimebandika picha ya ukingo wa kengele.