Jenereta la akiba nyumbani Chukwani, Unguja: uzoefu wangu

Jenereta nililonalo ni la petroli, la fezi moja, la kilowati 5, lenye injini ya silinda moja ya nguvu za farasi 13 na tangi la lita 25, na kwa nyumba yenye friji, friza na pampu ya kisima sioni sababu ya mtu kununua kubwa zaidi ya hilo. Nimeitanguliza hukumu yangu kwa makusudi, kwa kuwa ushauri wa madukani huelekea upande mmoja tu, nao ni upande wa ukubwa: ukisema unataka la kilowati 5 unaoneshwa la 8, na ukionekana una uwezo unaoneshwa la dizeli lililofungwa ndani ya kasha. Jina la kampuni silitaji kwa sababu halitamsaidia mnunuzi. Majenereta ya namna hii yanatengenezwa China kwa kiolezo kimoja na kubandikwa nembo mbalimbali, hata lile jekundu unaloliona Mlandege linaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na la manjano linalouzwa Darajani.

Wanaolikumbuka giza la Desemba 2009 hadi Machi 2010, ilipoharibika kebo ya chini ya bahari iliyokuwa ikiiletea Unguja umeme kutoka bara tangu 1980, hawahitaji kuelezwa kwa nini kaya huweka jenereta. Hata hivyo, hofu ya wakati ule isiwe ndiyo inayotuchagulia mashine ya leo. Mwaka 2013 ilianza kutumika kebo ya pili, ya megawati 100, na kukatika kwa umeme ninakokujua mimi tangu hapo ni kwa saa chache, au kutwa nzima pakiwa na matengenezo, na zaidi katika masika, miti inapoangukia nyaya. Jenereta la kuendesha nyumba kwa miezi mitatu mfululizo na jenereta la kukaa kimya wiki nyingi kisha likaitikia siku moja usiku ni mashine mbili tofauti. La kwanza lingefaa liwe la dizeli, la mzunguko wa polepole. La pili, ambalo ndilo tunalolihitaji wengi wetu, sifa yake kubwa ni kuwaka pale linapotakiwa na kutengenezeka kwa urahisi.

Kipimo cha kuanzia ni mota, wala si idadi ya vyumba. Fundi aliyetufungia nyaya alinikuta nikiandika orodha ya taa, akanambia, "Mama, taa usizihesabu, hesabu mota." Maneno yake yalikuwa ya kweli. Taa zetu zote za LED kwa pamoja hazifikii wati 150, feni tatu ni kama wati 200, televisheni 100, na friji pamoja na friza, zikishashika mwendo, hazizidi wati 400. Pampu ya kisima ni ya nguvu moja ya farasi, ambayo kwenye kibati chake imeandikwa wati 750, lakini umeme inaouvuta hukaribia wati 1,100. Jumla yake ni chini ya wati 2,000, na mtu angeweza kudhani jenereta la kilowati 2.5 linatosha. Halitoshi, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tatu au zaidi ya umeme wake wa kawaida, ingawa ni kwa muda mfupi sana, na ndani ya muda huo jenereta dogo hulemewa, taa zikafifia na pampu ikaguna bila kuzunguka. Kwa hesabu hiyo pampu peke yake inaweza kudai zaidi ya wati 3,000 inapoanza, na ukiongeza vilivyokwisha kuwashwa unapita 4,000. Hapo ndipo kilowati 5 zilipotoka.

Kuna jambo katika maandishi ya majenereta ambalo muuzaji halisemi mpaka aulizwe. Tarakimu kubwa iliyochapwa ubavuni mara nyingi ni kiwango cha juu ambacho mashine hukimudu kwa muda mfupi, na kiwango cha kudumu kimeandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibati cha nyuma. Langu limeandikwa 5.5 ubavuni na 5.0 nyuma, na hiyo 5.0 ndiyo niliyoihesabu. Kwa yale makubwa ya dizeli ukubwa hutajwa kwa KVA, na kwa kawaida kilowati zake ni asilimia 80 tu ya tarakimu hiyo, kwa hiyo anayeambiwa KVA 10 ajue anazungumzia kilowati 8.

Kiyoyozi, hita ya maji ya kuogea, birika la umeme na pasi tulivitoa kabisa katika mkondo wa jenereta. Fundi aliweka kiboksi cha pili cha saketi, vikaingizwa humo vyumba, jikoni upande wa friji, friza na pampu, basi. Hita ya papo kwa papo pekee inaweza kula wati 3,500 na kuendelea, na sikuona busara ya kununua mashine kubwa zaidi, inayonyonya mafuta mengi zaidi kila saa, kwa ajili ya maji ya moto katika kisiwa hiki.

Kati ya jenereta na nyumba pana swichi ya chenjiova, yaani ya kuihamisha nyumba kati ya umeme wa gridi na wa jenereta, ile ya mkono yenye nafasi tatu, inayokata waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja, na nikilazimika kutaja kitu kimoja ambacho mtu asikifanyie ubahili ningetaja hiki. Bado nawaona watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukaingia kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani. Umeme huo hauishii nyumbani. Ukipita kwenye mita hufika kwenye transfoma ya mtaa, ambayo huugeuza kutoka volti 230 kuwa maelfu ya volti, na fundi wa shirika la umeme aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa ndiye unayemkuta. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla jenereta linapounguruma, koili zake zinaungua hapo hapo. Ile chenjiova inayojigeuza yenyewe nilioneshwa, nikaikataa, kwa kuwa jenereta la petroli lenye choki huhitaji mkono na sikio la mtu linapoamka asubuhi yenye unyevu.

Kuhusu kuwasha, nilitaka la ufunguo na betri, kwa sababu injini ya ukubwa huu ina kamba nzito ambayo mimi siiwezi, na mume wangu husafiri Pemba mara kwa mara. Betri yake ni ndogo na hufa ikiachwa bila kuchajiwa, kwa hiyo kila mwezi naliwasha kwa kiasi cha nusu saa, tena likiwa limebeba friza na pampu, maana kuliungurumisha bure bila mzigo hakukaushi unyevu ulioingia kwenye koili. Kabla ya kulizima nafunga bomba la petroli na kuliacha liendelee mpaka linakata lenyewe, ili kabureta ibaki tupu. Petroli iliyolala miezi kadhaa katika joto letu huacha utando wa gundi kwenye matundu ya kabureta, ambayo ni membamba kuliko sindano ya cherehani, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya majenereta mengi ya majirani kugoma siku yanayohitajika.

Chumvi ndiyo adui ambaye kitabu cha maelezo hakimtaji. Chukwani tuko karibu na bahari, na kusi likishika, bolti za bomba la moshi hugeuka rangi ya udongo kabla hujazizoea. Jenereta nimeliweka uwani juu ya sakafu ya saruji, chini ya paa la bati lisilo na kuta, likiwa mbali na madirisha na tundu la moshi likielekea kwenye uwazi wa barabara. Turubai silifungi kulizunguka, kwa sababu huhifadhi unyevu na kuharakisha kutu. Nafunika juu tu likishapoa. Soketi zake nazipulizia dawa ya kuzuia kutu, na vituo vya betri nimevipaka grisi.

Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu akafa bila ya kukohoa, na kwa sababu hiyo sikubali hoja ya kuliweka ukumbini au kwenye kibaraza kilichofungwa, hata kama mlango umeachwa wazi. Kwa nyumba za Mji Mkongwe zisizo na uwa, ambako dirisha lako linapumua ndani ya dirisha la jirani, mimi nisingeshauri jenereta la petroli kabisa. Inverta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, na betri zake zitawasha taa, feni, simu na hata friji, bila moshi na bila kelele, ingawa pampu ya maji ni habari nyingine.

Kelele ndiyo aibu ya jenereta langu. Ni kubwa, na aliyelala ng'ambo ya ukuta anaisikia yote. Nilikwenda kuzungumza na majirani kabla halijafungwa, na tukakubaliana kwamba halivuki saa nne usiku isipokuwa kwa dharura. Nami nimempitishia jirani wa karibu, mwenye mtoto mchanga, waya wa taa mbili na feni moja. Wati 100 hazinipunguzii kitu, na tangu siku hiyo sijasikia lalamiko lake.

Kulizima saa nne kunawezekana kwa sababu friza haihitaji umeme wa mfululizo. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika ubaridi wake kwa kiasi cha saa 48, na iliyojaa nusu kwa saa 24, na yangu hujaa pweza, ngisi na barafu ninazouza. Friji ya kawaida ni dhaifu zaidi, hushika kama saa nne tu, na humo ndimo inamokaa insulini ya mama, ambayo isipofunguliwa hutakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo utaratibu wetu umeifuata friji: tunawasha magharibi, tunajaza tangi la maji la juu ya paa, tunazima tukienda kulala, na chupa za barafu zinahamishwa kutoka friza kwenda kwenye friji mpaka alfajiri. Kwa mzigo wetu linakunywa kiasi cha lita mbili kwa saa, na bei ya petroli inayotangazwa kila mwezi na ZURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za maji na nishati Zanzibar, ndiyo inayoamua kama televisheni nayo itapata haki yake. Pampu huwashwa kwanza, ikiwa peke yake, ndipo friza ifuate, halafu vingine.

Katika muda niliokuwa nalo limenipa matatizo mawili ya kusimulia. La kwanza lilikuwa baada ya mvua za masika, lilipogoma kuwaka ingawa petroli ilikuwemo na oili ilikuwa safi. Stata ilizunguka, injini ikakohoa, ikakata. Fundi alichunguza plagi ya injini, ile inayotoa cheche, na kabureta, hakuona kasoro, kisha akainama na kutazama miguu ya jenereta: mchanga wa chini ya saruji ulikuwa umebonyea upande mmoja, na jenereta limeinama kidogo. Injini hizi zina kihisio kinachozima moto wa plagi oili inapopungua, na mashine ikiinama oili hukimbilia upande mmoja, kihisio kikadhani haimo. Alikata kipande cha ubao, akakiingiza chini ya mguu, likawaka mara moja.

La pili lilikuwa gumu zaidi. Usiku mmoja taa zilififia na kipimo cha volti kwenye kibao kikashuka chini kabisa, huku injini ikinguruma kama kawaida. Kilichokufa ni AVR, kile kijipande kinachosawazisha volti, na jenereta lilikuwa bado ndani ya garantii. Duka nililonunulia lilinijibu kwamba kifaa kitaagizwa Dar es Salaam, na nikishapewa jibu hilo kila nilipopiga simu, nilinunua kingine kwa pesa yangu kwa fundi wa mtaani, na kilifungwa kwa bisibisi na koleo tu. Garantii hizi, kwa maoni yangu, zithaminiwe kwa vipuri vilivyomo dukani siku ya kununua, wala si kwa miezi iliyoandikwa kwenye kadi.

Jamaa yangu wa Mazizini ana la dizeli la KVA 15, la kimya kwelikweli, na mzigo wake hauzidi kilowati mbili kwa siku nyingi. Injini ya dizeli ikitumikishwa chini ya theluthi ya uwezo wake haipati joto la kutosha kuchoma mafuta yote, na lake limeanza kutoa moshi mweusi na matone ya mafuta kwenye bomba. Fundi wake amemshauri awe anawasha viyoyozi vyote ili kulipa kazi, ushauri ambao ni sahihi kitaalamu na unaochekesha ukiutazama kwa upande wa mfuko.

Oili nilibadilisha baada ya saa 20 za mwanzo, na sasa hubadilishwa kila saa 100 au miezi sita, na ni kama lita moja na ushei tu. Ndani ya droo ya jikoni nimeweka AVR ya akiba, plagi mbili na chujio la hewa. Injini ya aina hii, inayoitwa 188F, imenakiliwa na viwanda vingi, kwa hiyo kabureta, kamba, plagi na hata pistoni hupatikana kwa mafundi wa mjini bila kuuliza nembo iliyobandikwa kwenye tangi.