Sanamu ya Mtakatifu Andrea ya jiwe la Kisii: inafaa kununuliwa

Somo wa jumuiya yetu ni Mtakatifu Andrea Mtume, na picha ya karatasi tuliyokuwa tukisalia mbele yake ilishapauka. Sikukuu yake ya 30 Novemba ilipokaribia, wenzangu wakanituma nitafute sanamu. Niliipata katika duka dogo la vifaa vya ibada hapa Kibuye, Kisumu. Mama muuzaji aliomba 4,000, tukaelewana 3,500.

Imechongwa kule Tabaka, Kisii, na fundi wake anamjua mtume huyu. Msalaba ulio nyuma yake umekaa kama herufi X, jinsi mapokeo yanavyosimulia kifo chake kule Patras, Ugiriki. Kwenye ncha zake kamba zimezungushwa, wala hakuna alama ya msumari hata moja. Nilifurahi sana kuona hivyo, maana simulizi za kale zasema alifungwa kwa kamba ili ateseke muda mrefu, naye akaendelea kuwahubiria watu akiwa pale pale juu. Wavu uko bega la kushoto, matundu yametobolewa moja moja. Ukiweka mshumaa nyuma, kivuli chake chaonekana ukutani. Miguuni kuna samaki wawili, na ni ngege (tilapia) kabisa, pezi la mgongo limesimama. Fundi hajakosea, kwani hata Ziwa la Galilaya lina samaki wa jamii hiyo.

Mkono wa kulia umenyooshwa kama wa mtu anayemwita mwenzake. Huyo ndiye Andrea ninayempenda. Katika Injili ya Yohane, kila anapotokea anamfikisha mtu kwa Yesu: kwanza ndugu yake Simoni Petro, kisha yule mtoto mwenye mikate mitano na samaki wawili, mwishowe Wagiriki waliotaka kumwona Bwana.

Kasoro zipo. Kitako hakikusawazishwa, sanamu inayumba mezani. Tumebandika kitambaa chini. Jiwe lenyewe ni laini, linakwaruzika upesi, kwa hiyo usilibebe kwa boda bila kulifunga vizuri kwa blanketi. Na kijitabu cha sala kinachouzwa nayo kina maandishi madogo mno. Wazee wetu hawakuweza kusoma hata ile sala ya kungojea Noeli, inayosaliwa mara 15 kila siku kuanzia 30 Novemba. Nimeiandika upya kwa herufi kubwa.

Andrea alikuwa mmoja tu dukani. Waliojaa ni Yosefu na Antoni. Ukimtaka, agiza mapema, mama anapokea oda.