Chord DAVE au Holo Audio May?
Zote mbili ni DAC, mashine zinazogeuza muziki wa dijitali kuwa analogi, yaani mawimbi ya umeme ya kupeleka kwenye amplifaya, kwa njia tofauti. DAVE ya Uingereza, kazi ya mhandisi Rob Watts, hutegemea FPGA, chipu ambayo mbunifu huipangia kazi mwenyewe, na kichujio cha dijitali chenye tapu (hatua za hesabu) 164,000. May ya China hutumia ngazi ya rezista, safu ya vizuia-umeme inayogeuza tarakimu kuwa volti, na umeme wake una kasha lake peke yake.

Nilizipigia taarabu ileile ya Unguja. Kwenye DAVE nilisikia uzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ukiguswa kabla noti haijachanua, na kila fidla mahali pake. May ilileta mwili: udi ulisikika na tumbo lake la mbao, sauti ya mwimbaji ikaja karibu, nzito, yenye joto. Kwa kuchambua rekodi, DAVE. Kwa kusikiliza hadi usiku wa manane nachukua May, bila kusita.