Injini ya Hilux iligonga wiki tatu: uzoefu wangu na fundi wa nozo, Arua, Uganda

Gari ni Hilux ya 1994, injini ya dizeli 2L, ile ya cc 2,446. Imebeba mihogo na simenti kuliko ilivyobeba watu. Kelele ilianza nikirudi kutoka Kampala, nimeshavuka daraja la Karuma: ka-ka-ka kavu, kama mtoto anapiga sufuria kwa kijiko. Nikikanyaga mafuta inazidi, nikiachia mteremkoni inapotea. Asubuhi injini ikiwa baridi ndiyo balaa, pamoja na moshi mweupe unaowasha macho.

Gereji ya kwanza, jina naliacha, walisikiliza dakika mbili wakatoa hukumu: beringi za konrodi, yaani mkono wa pistoni, zimekwisha, tafuta injini nyingine. Na injini hiyo, bahati iliyoje, walikuwa nayo nyuma ya kibanda, shilingi milioni nne na nusu za Uganda. Kijana mwingine alitaka kunipimia kwa kompyuta. Kwa gari hili? Ataichomeka wapi?

Nilikaribia kukubali ile injini. Kilichonizuia ni taa ya oili, haikuwahi kuwaka hata siku moja. Usiku nikamwaga oili kwenye beseni, nikaichuja kwa kitambaa cheupe, sikuona unga wowote unaong'aa. Beringi zikilika kwa kiasi cha kupiga kelele namna ile, huacha unga.

Shemeji ndiye aliyenipeleka kwa Hajji. Hajji anashughulika na nozo, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya silinda, na pampu za dizeli tu. Ukimletea breki anakufukuza. Akaniambia niwashe. Akachukua spana 17, akawa analegeza nati za mabomba ya nozo, moja baada ya nyingine, dizeli ikitoka na povu. Ya kwanza: injini ikatetemeka, kelele iko palepale. Ya pili vilevile. Ya tatu, kimya. Mimi tayari nashangilia.

"Kijana wangu, tulia. Hata beringi mbovu inanyamaza ukiinyima silinda yake moto."

Hilo sikulijua. Akazima, akafungua nozo ya kwanza na ya tatu, akazibadilishana mahali, akatuambia tuwashe tena. Kelele ikahamia silinda ya kwanza. "Umeona? Konrodi haihami." Kwangu mimi, pale ndipo alipoipata pesa yake yote.

Baadaye akazifunga zote nne kwenye mashine yake ya kupimia, ile ya mkono yenye saa ya presha, akaniamuru nirudi nyuma kwa sababu mchirizi wa nozo unaweza kutoboa ngozi. Tatu zilitoa ukungu mwembamba huku zikikoroma, ngrrr. Ile moja ikatoa mkojo wa mbuzi: uzi mmoja wa dizeli, halafu matone. Matone hayo, alisema, yanajikusanya ndani ya silinda kisha yanalipuka yote kwa pamoja, na ndiyo yanayogonga.

Akaniuliza nanunua wapi dizeli. Nikamwambia kituoni. Akanitazama tu. Basi, nikakiri, mara mbili tatu zile jerikeni za kando ya barabara. Akalegeza skrubu ya chini ya filta ya dizeli, yakatoka maji karibu nusu glasi, yenye rangi ya kutu.

Gharama: kupima 40,000, ncha nne mpya za nozo 240,000 (ziliagizwa Kisekka, soko la vipuri Kampala, zikaja na basi la usiku), washa (pete) za shaba na ufundi 60,000. Jumla 340,000. Angeweza kubadilisha ile moja tu, lakini nyingine zilikuwa zimechoka, na nilitaka zote zilingane.

Upungufu upo. Aliniambia siku mbili, zikawa tano. Simu hapokei akiwa kazini, na yuko kazini mchana kutwa. Kibanda hakina hata benchi. Nilikaa juu ya tairi.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu litengenezwe. Nimekwenda Kampala na kurudi mara nne, mlio ni wa dizeli ya kawaida. Moshi wa asubuhi umebaki kidogo. Hajji anasema hizo ni plagi za moto, zile zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha, nami bado sijazigusa. Risiti ndiyo sikupata. Aliniandikia hesabu kwenye kipande cha boksi la oili, na kaka yangu tunayemiliki naye gari amekataa katakata kukihesabu kama risiti.